Nimemwita Mama Yangu Mtani, na Sasa Wanataka Kumzika

Bi Kuluthumu mpendwa,

Nakuangukia ingawa hunijui, naomba unisaidie kabla sijaharibikiwa, na tafadhali jina langu lisipigwe chapa, kwa sababu gazeti hili hapa stesheni ya Dodoma mimi ndiye ninayewasomea wenzangu, wao hawakupata shule, likishushwa tu kwenye gari la moshi wananizunguka pande zote na kuniambia nianze na Bi Kuluthumu, habari za Ulaya zingoje.

Mimi ni Mgogo. Nimetanguliza hilo kwa sababu sijalitamka kwa miaka mingi. Nimezaliwa Nkuhungu, hapa hapa, si mbali na reli, nikasoma kidogo kwa wamisheni, kisha nikatoroka nyumbani nikafuata kazi ya reli ilipokuwa bado iko Kilosa, na huko kambini sisi Wagogo tulichekwa mno, tukaambiwa ni watu wa kuchunga tu, tunajipaka udongo mwekundu, koleo hatujui lishikwe wapi, na kazi nzuri nzuri wakapewa Wanyamwezi kwa kuwa msimamizi aliwapenda, basi nikashikamana na Wanyamwezi, nikajifunza maneno yao hata nikawa naota kwa Kinyamwezi, na msimamizi aliponiuliza kabila langu nikamjibu Mnyamwezi, kwetu ni karibu na Tabora, nikajifunga kilemba kikashuka mpaka kuyafunika masikio yangu yaliyotobolewa Kigogo, ikawa ndivyo hivyo. Sikufikiri kwamba reli ile ile niliyokuwa nikiijenga inanirudisha kwetu hatua kwa hatua.

Ilipofika Dodoma nikapewa kazi stesheni pamoja na rafiki zangu wawili, Khamisi, ambaye ni mpiga mieleka na ana mabega kama mlango, na Shaaban mpiga ngoma, ambaye mdomo wake haujapata kufungwa tangu azaliwe. Wote wawili ni Wanyamwezi wa kweli. Tunalala kambi moja, tunakula sinia moja, na nilipougua homa hao ndio walionilisha uji kwa mikono yao.

Sasa mvua zilizopita, asubuhi moja ya siku ya gari, tulikuwa tunapakua magunia, na wanawake wa Kigogo wamekaa kando ya reli na kuku wao na vibuyu vyao vya maziwa wakiwauzia abiria, mara mmoja wao akasimama, akanitazama sana, akaja moja kwa moja, akanisalimu Kigogo, "Mbukwa," akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alikuwa mama yangu. Amekonda, Bi Kuluthumu, na ngozi aliyovaa ilikuwa kuukuu. Wenzangu wote wakageuka kutazama, na hapo ulimi wangu, Mungu anisamehe, ukajibu "Mwangaluka," kama Mnyamwezi anayemsalimu mtu baki, nikauchomoa mkono wangu mikononi mwake, nikawageukia wenzangu huku nacheka, nikasema, "Jamani, mtani wetu huyu, keshaanza!"

Wewe unajua kwamba Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu siku za misafara ya mizigo ya mabegani, na mtani anaweza kukutukana na kukunyang'anya chako mchana kweupe nawe huna ruhusa ya kukasirika, basi Khamisi aliposikia neno mtani alikirukia kibuyu cha mama, akayagugumia maziwa, akampa Shaaban, na Shaaban akamwuliza mama kama ng'ombe aliyemkamua ni mke mwenzake au ni wifi yake, watu wakaangua kicheko stesheni nzima.

Mama akawa ananitazama tu. Mimi sikuweza kumtazama. Halafu nikasikia anacheka, akapiga makofi, akasema kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, "Nyinyi Wanyamwezi mmezaliwa na njaa! Kunyweni. Lakini huyo wa kilemba mpeni wa mwisho, akitangulia yeye hamtapata hata tone." Wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakasema bibi huyu ni mtani hasa. Hawakujua kwamba ndivyo alivyokuwa akiwaambia ndugu zangu nilipokuwa mtoto, maana nilikuwa mlafi wa maziwa kuliko ndama.

Tangu hapo kila siku ya gari anakuja na vibuyu viwili, kimoja cha kuuza, na cha pili anakiweka kando kidogo, mahali pazuri pa kuibiwa, na wenzangu wanakinyang'anya, nami nakunywa wa mwisho kama alivyosema, na kila mara nakuta nimebakiziwa nusu nzima. Mimi sijamwambia neno lolote. Naye hajaniambia neno, ila matusi ya utani tu, kama juzi aliponiambia shingo yangu imekuwa ya korongo, je, huko kwetu Tabora hakuna mtu wa kunipikia? Wote wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikaenda nyuma ya mabehewa nikalia, mwanamume mzima.

Sasa lililonishikisha kalamu ni hili. Bwana mkubwa wa reli ametupa siku nzima ya kupumzika, huko mbele kiangazi kitakapokolea, na wenzangu hawataki kuilala siku hiyo, wanataka tutoke wote kwa michezo mpaka jua lizame, wakaniambia niipange mimi kwa kuwa ndimi mwenye akili ya shule. Nami nikaipanga kwa furaha. Asubuhi tuvute kamba na askari mbele ya boma, watakaoshindwa watubebee ngoma. Kisha tuuzunguke mji, tupite maduka ya Wahindi, tule vitumbua mpaka tuchoke. Halafu twende tukapande majabali, tupigane mieleka mchangani, na mwisho mbio kubwa za kutoka mjini kwenda shamba. Nilipofika hapo Khamisi akasimama, akasema, "Mbio ziishie Nkuhungu, kwa mtani wetu bibi wa maziwa. Tukamzike!"

Wakaruka kwa furaha. Maana watani hawa wana mzaha wao mkubwa, wanamvingirisha mtu katika mkeka akiwa hai, wanambeba mabegani, wanamlilia kwa matusi na ngoma, mpaka ajikomboe kwa mbuzi. Wamekwisha kumwambia mama mwenyewe, naye akawajibu, "Njooni, kaburi langu ni refu, mtachoka kuchimba." Na Shaaban akagawa kazi: Khamisi abebe upande wa kichwa, yeye apige ngoma, na mimi, kwa kuwa bibi ananitania kuliko wote, niwe mfiwa. Nitangulie mbele ya mkeka nikipiga kelele, "Mama! Mama yangu amekufa!"

Bi Kuluthumu, nitamliliaje mama yangu aliye hai? Mtoto anayefanya hivyo anakiita kifo mlangoni. Na nikisema kweli nitakuwa kichekesho cha kambi, nao watasema nimewafanya wamtukane mama wa mwenzao na kumnywea maziwa yake miezi yote hii. Nimefikiri nijifanye mgonjwa siku hiyo. Nimefikiri nigeuze njia ya mbio, niwapeleke Kikuyu, upande wa pili wa mji, badala ya Nkuhungu. Nimefikiri nimtume mtu amwambie mama asiwepo nyumbani. Nishike lipi? Nijibu upesi, aibu inanila mpaka usingizini.

Mimi, mfiwa wa uongo,
Dodoma


BI KULUTHUMU ANAJIBU
(Yeye husema, karani wa gazeti huandika.)

Mfiwa wa uongo, salaam. Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka kwenye ng'ombe na wifi yake. Mara ya pili nilimwambia karani atoke nje kidogo, maana mimi nimezaa. Sasa kaa chini. Nitakusema kwanza, dawa baadaye.

Ati "ulimi wangu ukajibu"! Ulimi wa nani, wa Khamisi? Usiusingizie ulimi, mwenyewe ulikuwepo. Ulimkataa mama yako mbele ya kuku na magunia, kwa sababu ya nini? Ngozi aliyovaa. Ngozi hiyo ndiyo iliyokubeba mgongoni, ewe mtu wa kilemba! Mkataa kwao ni mtumwa, na wewe umejiuza mwenyewe bila hata kukamatwa. Karani ananiambia nipunguze ukali. Andika hivyo hivyo, karani.

Wenzako sina ugomvi nao. Waliambiwa mtani, wakafanya ya utani. Utani ni kitu kizuri, umewalisha watu njiani na kuwazika walipofia ugenini. Lakini utani ni wa watu waliokubaliana tangu mababu. Mama yako hakukubaliana na babu wa mtu. Alikubaliana na aibu yako, papo hapo, kabla watu hawajaiona. Ulimtupia uongo akaudaka, akaucheza vizuri kuliko wewe. Halafu unaniandikia kwamba hajakuambia neno! Mwanamke anatembea na kibuyu cha pili kutoka Nkuhungu ili akaibiwe, ili wewe unywe. Amekuuliza kama una mtu wa kukupikia. Hilo ulilisikia tusi? Hilo ni swali, na bado anangoja jibu.

Haya, hila zako. Kujifanya mgonjwa: mama atasikia kwamba yule wa kilemba ni mgonjwa, na atakuja kambini mbio, utamwitaje hapo? Kuwapeleka Kikuyu: mwaka huu Kikuyu, na mwaka ujao uwapeleke wapi, Ulaya? Na kumtuma mtu amfukuze mama nyumbani kwake mwenyewe, hilo sitalijibu, nitatukana na gazeti hili husomwa na watu wa heshima. La kuvunda halina ubani, mwanangu. Hata ukilifukiza vipi litanuka.

Sasa fanya nitakavyokuambia.

Gazeti hili likishuka kwenye gari, usiwasomee wenzako siku hiyo. Waambie macho yanakuuma. Ni uongo, ndiyo, nami nakuruhusu huo mmoja uwe wa mwisho. Ikifika Jumapili nenda Nkuhungu, peke yako, na kilemba ukivue njiani, usingoje mlangoni, watu wa kwenu wakuone unavyokuja. Mimi ni Mrangi wa Kondoa, Wagogo ni jirani zetu, najua mnavyopokeana. Wewe ndiwe uanze kusema "Mbukwa." Usipeleke nguo wala sukari ya kumfunga mdomo. Omba radhi kwa Kigogo, hata kama kimekukauka, na usimweleze habari za msimamizi na koleo, hakukuuliza. Akikusema, pokea. Akinyamaza, chukua mtungi ukateke maji, ukirudi ukae tena. Akikufukuza, kuna Jumapili nyingine.

Ukishatoka kwa mama, ndipo uwaite Khamisi na Shaaban, ufungue gazeti, uwasomee. Barua yako yote na jibu langu lote, usiruke neno, hata hapa ninapokuita mtu wa kilemba. Khamisi huenda akakasirika, na ana haki, kwa maana umemfanya anywe maziwa ya mama yako na kumtukana juu yake bila kujua. Usijitetee. Lakini hawa ni watu waliokulisha uji ukiwa na homa, nao hawakuuliza kwanza kama ni uji wa Kinyamwezi. Wataondoka kwa hasira na watarudi kwa njaa, ndivyo wanaume walivyo. Wakirudi waambie: Mgogo ni mimi, mtani wenu ni mimi, kama kuna kunyang'anya nyang'anyeni kwangu. Na siku hiyo usitegemee kulala na shati.

Siku yenu ya kupumzika msiivunje. Umeipanga vizuri, hilo nakusifu. Kamba vuteni, vitumbua kuleni, majabali pandeni, na mbio ziishie Nkuhungu vile vile. Ila mama yako asiguswe hata ukucha. Mkekani aingie yule Mnyamwezi wa karibu na Tabora uliyemtunga. Na usiniambie ni mkosi kumzika mtu aliye hai, huyo hakupata kuishi, hana mama aliyemzaa, nani atadhurika? Khamisi abebe kichwa, Shaaban apige ngoma, wakulilie kwa matusi yote wanayoyajua mpaka uani kwenu. Wewe humo ndani nyamaza. Usijikomboe kwa mbuzi, usijikomboe kwa maneno, maneno yako tumeyasikia ya kutosha. Lala ungoje. Siku hiyo msemaji ni mwingine. Atasimama mbele ya Wanyamwezi wote na ngoma yao, na ngozi yake mwilini, aseme: "Mwacheni. Huyo ni mwanangu."

Ukilisikia hilo, toka mkekani, uitike.