Pingili ya Kwanza

Jumatatu, 7 Oktoba

Daftari hili ni la kituo cha pampu. Nilistaafu nalo – kurasa zilikuwa bado nyingi na hakuna aliyelidai. Mbele naandika minyoo wa mke wangu Vinka, kama anavyoniamuru. Huku nyuma naandika yangu. Zamani ningelificha. Sasa naliacha wazi mezani, na yeye anapita hapo hapo na kikombe chake. Hawezi kusoma tena. Inaniuma hata kuliandika.

Tangu Machi katikati ya macho yake pamekufa, pembeni tu ndiko kulikobaki. Akitaka kuniona uso, anatazama sikio langu. Watu wa dukani wanadhani tumenuniana.

Kwa miaka arobaini anaandika orodha moja: kila mnyoo mwenye pingili aliyeko katika delta yetu hii ya mto Neretva – wa udongoni, wa mferejini, wa baharini, hadi wale wa pangoni wanaojijengea vijumba vya chokaa ukutani. Amefika mia moja na kumi na moja. Berislav, aliyekuwa mwanafunzi wake na sasa ni mkubwa kwenye jumba la makumbusho kule Zagreb, anakuja Jumamosi ya tarehe 26 kuichukua ikachapwe. Mpaka hapo macho ni yangu. Fundi pampu!

Leo ilikuwa zamu ya miruba. Njia ya Vinka ni rahisi: mume anavua viatu, anasimama mferejini, anangoja. Baada ya dakika ishirini walikuwa watatu miguuni. Nikamweka mmoja chini ya hadubini, nikaambiwa nihesabu macho yake. Kumi. Vinka akacheka, akasema mruba ana kumi na yeye hana hata moja la kazi. Sikujua nicheke au nilie. Nikacheka.

Jumatano, 9 Oktoba

Tumekwenda na mtumbwi hadi mto unapoingia baharini. Vinka mbele, kofia ya majani kichwani, anaimba vibaya. Jua zuri.

Maji yalikuwa yamekupwa. Pale mchangani kuna minyoo wanaokula mchanga na kuutoa nyuma, kila mmoja anaacha kirundo kama dawa ya meno iliyominywa. Hao wako kwenye orodha tangu tulipooana. Mimi nilimchimbua mwingine, mrefu, wa kijani, vijiguu ubavuni havihesabiki. Akatoa taya mbili nyeusi akaniuma kidole.

"Taya zimetoka?" Vinka akauliza.

"Zimetoka. Ziko kwenye kidole changu."

"Vizuri. Usimtikise. Tazama zina meno mangapi."

Damu yangu hakuiulizia. Meno yalikuwa sita kila upande. Huyo naye anajulikana, namba 74.

Siku ya tatu ya ndoa yetu nilikuta beseni la kuogea limejaa nyungunyungu. Nilirudi kwa mama yangu nikamwambia nimeoa mwendawazimu. Mama akaniuliza kama anapika vizuri. Nikasema ndiyo. Akaniambia nirudi nikaoge mtoni. Sasa nina miaka sabini na moja, na ninajua kuwa nyungunyungu wa bustani, mruba wa mferejini na huyu mwenye taya ni ndugu, ukoo mmoja, pingili baada ya pingili. Nimejua bila kutaka.

Jumapili, 13 Oktoba

Chakula cha mchana kwa shemeji Luca, dada yake Vinka. Mchuzi wa mikunga na vyura, na ugali. Nilikula mno.

Luca ni yule yule. Aliuliza ni lini chupa za minyoo zitatoka bafuni ili na yeye aje kulala kwetu kama binadamu. Vinka akamwambia minyoo wana adabu kuliko wageni. Wakaendelea hivyo mpaka kahawa.

Halafu Luca akasema, kwa kupita tu, kwamba kule mwisho wa shamba lake la chenza, ambako maji ya chumvi yanapanda na hata mchenza umekataa kuota, amelima juzi akakuta nyungunyungu. Wanene. Vinka akaweka kijiko chini. Pale kwenye chumvi hakuwahi kupata nyungunyungu hata mmoja, kwa miaka arobaini. Nyungunyungu na chumvi hawapatani.

Jumatatu, 14 Oktoba

Tumechimba. Vinka alipiga magoti topeni akaonja udongo. Chumvi. Watano tumepata. Mgongo wangu umeisha.

Jumanne, 15 Oktoba

Siku kubwa!

Nyungunyungu wa nchi hii Vinka alimaliza kuwaorodhesha zamani, akiwa na macho yake. Kwa hiyo mimi sijawahi kuhesabu hata mmoja. Leo alinifundisha. Mnyoo amelazwa kwenye spiriti, chini ya hadubini. Nyungunyungu mzima ana mkanda mnene mwilini, Vinka anauita tandiko. Kinachomtambulisha ni namba ya pingili ambako tandiko linaanzia. "Anzia mwanzoni, usiruke hata moja," akaniambia.

Nikahesabu kwa ncha ya sindano. Kazi ya pampu ndiyo hiyo hiyo: mti wa kupimia maji, kila alama inahesabiwa, na ya kwanza kabisa pia. Miaka thelathini sikuwahi kukosea. Tandiko: ishirini na nane hadi thelathini na sita. Chini yake vijinundu viwili, cha thelathini na mbili na cha thelathini na nne.

Akaniambia rudia. Nikarudia, nikachukua wa pili, wa tatu. Ishirini na nane wote.

"Pave," akasema, "huyu hayupo kitabuni."

Akakaa kwenye kiti cha jikoni akalia, kisha akacheka, kisha akataka tumnywee glasi, saa tano asubuhi. Tangu Machi sikuwahi kumwona hivi. Nilimbeba! Hatua mbili tu, mgongo ukakataa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Amempigia simu Berislav. Alizungumza kwa dakika hamsini na hakunipa nafasi ya kusalimia. Berislav amefurahi sana, anasema mnyoo mpya atawekwa mwishoni mwa orodha, ukurasa wake peke yake, na picha.

Usiku kabla ya kulala Vinka akaniambia ameshachagua jina. Mnyoo ataitwa kwa jina langu, kwa Kilatini. "Wewe ndiye uliyemwona," akasema. "Mimi nilimshika tu." Nikamwambia mume wa watu anastahili mlima au nyota. Akasema nyota ziko mbali na milima haina kazi, ila udongo wote tunaoulima umepita tumboni mwa hawa. Akalala ameshika kidole changu, kile kilichoumwa.

Nampenda mwanamke huyu. Acha iandikwe mahali.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mavuno ya chenza kwa Luca. Wavunaji wote wameshasikia, shemeji hana siri. Siku nzima naitwa Baba Nyungunyungu. Mmoja akaniuliza kama watoto wanafanana na mimi. Nikamwambia wamechukua miguu ya mama yao. Vinka alicheka mpaka akamwaga kikapu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Sijui niandikeje.

Vinka alinituma kabatini kwake kuchukua lebo mpya, za mnyoo wetu. Ndani ya mlango wa kabati kuna mchoro wake wa zamani, aliochorea wanafunzi: kichwa cha nyungunyungu, kikubwa, pingili zimepewa namba. Nimepita mbele yake miaka yote hiyo. Leo nikausoma. Mbele kabisa ya mnyoo kuna kipande kidogo cha duara. Hakina namba. Kando yake, kwa mwandiko wa Vinka, kwa wino mwekundu: *Mdomo hauhesabiwi!*

Moja inaanza nyuma ya mdomo.

Nikasimama pale na lebo mkononi. Vinka akauliza kutoka jikoni kama nimepotea. Nikasema lebo zimenata.

Jumanne, 22 Oktoba

Amekwenda kwa Luca kusuka nywele. Nikawatoa wote watano. Nikahesabu kila mmoja, nimeacha mdomo. Ishirini na saba. Ishirini na saba. Ishirini na saba mara tano. Nikafungua kitabu chake. Yupo, ukurasa mzima. Nyungunyungu wa kijivu, wa kila bustani, wa kila shamba kuanzia hapa hadi Zagreb. Kwenye orodha ya Vinka ni namba 6. Wa chini ya dirisha letu ni huyu huyu!

Hakuna mnyoo mpya. Kuna fundi pampu aliyehesabu mdomo.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nikisema, namnyang'anya. Nisiposema, Berislav atachapa, kisha mtu fulani mwenye macho mazuri, Vienna au wapi sijui, atawatazama na kuandika kwamba bibi kipofu wa Neretva amempa nyungunyungu wa bustani jina la mumewe. Miaka arobaini, namba mia moja na kumi na moja za kweli, halafu watakumbuka ya mwisho. Najua hivyo. Nimejua tangu Jumatatu, na nimeosha vyombo mara nne kwa siku.

Leo nilianza. Nikamwambia, "Vinka, kuhusu yule mnyoo..." Yeye akadakia, ndiyo, alitaka kuniuliza, vile vijinundu vilikuwa pingili za ngapi? Nikasema thelathini na mbili na thelathini na nne.

Akageuza uso kwenye sikio langu.

"Kwa hiyo vyote vimesogea pingili moja," akasema. Kisha akaomba kahawa.

Nikampikia. Hatukulizungumza tena. Alikunywa taratibu, akasifu kahawa, jambo ambalo huwa halifanyi.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimemwambia Luca. Ilibidi nimwambie mtu. Alikuwa anapanga chenza kwenye makreti, akaendelea kupanga. Nilitegemea anicheke. Hakucheka.

Akaniambia tangu macho ya dada yake yaharibike, daktari anamdanganya kuwa yatatulia, kasisi anamdanganya, na yeye Luca mwenyewe anamdanganya kila Jumapili kwamba nguo yake haina doa. "Ni wewe tu, shemeji, anayekuamini ukimwambia unachoona," akasema. "Ndiyo maana nakuonea huruma." Akanipa kreti moja nipeleke nyumbani.

Jioni Vinka aliandaa kila kitu kwa ajili ya Berislav. Orodha iko mezani, imefungwa utepe. Ukurasa wa mwisho haujaandikwa. Anasema tutauandika kesho. Niliposema tuuandike leo ili nipate kupumua, akasema kesho.

Jumamosi, 26 Oktoba

Naandika jikoni, nimesimama, kahawa iko motoni. Berislav amepiga simu, ameshapita mji wa Opuzen, zimebaki dakika kumi.

Sikulala. Saa kumi na mbili asubuhi nikasikia mlango wa kabati. Nilipoingia chumbani kwake baadaye, mlango wa kabati ulikuwa wazi kabisa. Yeye alikuwa kwenye kiti chake, amevaa gauni la bluu, hadubini mbele yake, taa imewashwa, mnyoo kwenye sahani. Sindano ameiweka upande wa mkono wangu wa kulia. Akasema Berislav akifika nitahesabu kwa sauti, mbele yake, na yeye atahesabu kwa vidole pamoja nami. Ndipo tutauandika ukurasa wa mwisho. Nikasema sawa. Nikasema kahawa kwanza. Nikakimbilia huku.

Nimeamua. Naanza nyuma ya mdomo. La, namwambia sasa, kabla ya mgeni, tukiwa wawili. Au

Ameniita. Naandika alivyosema, kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuuliza chumvi iko wapi.

"Pave, nilikwambia uanzie mwanzoni."

Nikasema ndiyo, uliniambia.

"Sikukwambia mwanzo ni wapi. Hilo ni kosa langu."

Kahawa imemwagika juu ya jiko. Gari limesimama nje, Berislav anazima injini. Vinka anasema niache jiko, nije, nimshike mkono, na nianze na moja.