Nilijiita Yatima Mbele ya Mama

Jumamosi, baada ya adhuhuri. Mawingu yamefunga juu ya mtaa wetu wa Kibokoni lakini mvua haishuki. Joto limeninata shingoni. Tangu alfajiri sijatoka chumbani, na si kwa sababu ya joto.

Naandika kwa kuwa nikinyamaza nitaanza kujitetea.

Jana alasiri akina mama wa kikundi chetu walikutana sebuleni kwetu. Kwa muda sasa tunapanga kujenga nyumba ya watoto Ngazija, kule Komoro, ambako wengi wa mtaa huu wana shangazi, binamu au kaburi. Watoto wenyewe wapo. Wanalelewa katika nyumba ya kupanga, na kila mwenye nyumba akitaka nyumba yake, wanafungasha magodoro na kuhama. Tunataka wapate paa ambalo hakuna atakayewaambia watoke chini yake. Ramani nimeichora mimi: vyumba vya wasichana, vya wavulana, jiko, na birika kubwa la kukinga maji ya mvua, maana kisiwa kile hakina mto. Kilichokosekana ni kiwanja, na baadhi ya waliokuja jana wana ndugu wenye ardhi kule.

"Sema nao," aliniambia Bi Zuhura, mwenyekiti wetu. "Wewe umesoma. Walainishe."

Nikasimama. Chuoni nilifundishwa kwamba mfadhili hafungui mkono kwa kuona ramani, hufungua kwa kusikia kisa cha mtu. Basi nikatoa kisa. Nikasema mimi pia ni yatima. Nikasema najua kulala nikilia, bila mtu wa kumwita mama.

Mama alikuwa mlangoni na sinia la kaimati.

Ninayemwita Mama ni mdogo wa yule aliyenizaa. Wazazi wangu walifariki nikiwa sijaota meno, naye akanichukua, bado msichana. Posa yake ya kwanza ilivunjika kwa sababu mwanamume alimtaka yeye bila mimi. Hayo hakuniambia yeye, niliyasikia kwa majirani. Hapa kwetu mtoto aliyelelewa na ndugu haitwi yatima. Hata tulipokuwa wadogo, tukigombana na kutukanana, neno hilo hakuna aliyethubutu kumtupia mwenzake. Mimi na shahada yangu nililitupa katikati ya sebule yake.

Na nilimwona.

Hilo ndilo linaloniunguza. Nilimwona amesimama na sinia na sikukatiza maneno, kwa sababu wanawake walikuwa wameanza kulia, na kilio chao kilikuwa kitamu masikioni mwangu.

Jirani mmoja, ambaye ulimi wake haujui kupumzika, akageuka mlangoni. "Hee, Bi Rukia! Kumbe miaka yote hii ulikuwa mpishi tu?"

"Mpishi wapi!" Mama alisema, akilitua sinia. "Mie nilikuwa nafuga. Haya, kuleni, zisipoe."

Wakacheka. Yeye pia alicheka. Kisha mwanamke mmoja, ambaye kaka yake ana ardhi Ngazija, akasema huku anajipangusa macho kwamba kiwanja kitatoka kwao, kwa ajili ya yatima huyu aliyesimama hapa. Vigelegele vikapigwa.

Hivyo ndivyo tulivyopata kiwanja.

Wageni walipoondoka nilimfuata jikoni kumtaka radhi. Aliosha vikombe mpaka nikaishiwa maneno.

"Radhi zangu unazo, mwanangu. Mzazi hamnyimi mtoto radhi kwa neno moja. Lakini Ngazija siendi tena."

Yeye ndiye aliyekuwa aende kuifungua hiyo nyumba, akae na watoto mpaka wazoee. Hatukupiga kura. Ilijulikana tu, kwa kuwa kila mtu alijua alivyonilea. "Nitakwenda na uso gani?" aliniuliza. "Watasema, mtoto wake mwenyewe hakujua kama ana mama, hao wa wenzake watajuaje?"

Nikamwambia nitampigia simu Bi Zuhura, nimweleze taratibu, tuyamalize sisi kwa sisi. Akanitazama kama anayetazama mgeni aliyekosea mlango.

"Umenivua mbele za watu, wataka kunivisha chumbani?"

Leo alasiri kikundi kinakutana tena, kwa Bi Zuhura, kupanga safari. Nikisimama na kusema nilidanganya, huenda kiwanja kikarudi kwa wenyewe, na watoto wale wakahama tena kwa sababu yangu. Asubuhi yote nimejificha nyuma yao. Ni maficho mazuri. Nani atamlaumu mtu anayewahurumia watoto? Lakini siwezi kuwajengea nyumba watoto wasio na mama kwa kumfuta mama mmoja aliye hai.

Kiwanja kikienda, nitaanza upya kukitafuta, nyumba kwa nyumba, bila kisa.

Nitakwenda. Sitaandaa hotuba, hotuba ndiyo iliyonifikisha hapa. Nitasema mimi ni mtoto wa Rukia, kwamba usiku niliolia alikuwepo, kwamba nilisema uongo ili walie. Halafu nitakaa chini, wanicheke watakavyo.

Mama alipopita mlangoni pangu nimemwomba twende pamoja. Amekataa, ana nguo za kukunja. Haidhuru. Mtaa huu hufikisha maneno kabla msemaji hajarudi nyumbani. Maisha yangu yote nimelichukia jambo hilo. Leo naliombea.