Vumbi Nisiloliona

Kampemba, Lubumbashi

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Miguu inaendeleaje? Na samaki, wanapatikana? Sisi tuko wazima, isipokuwa lile unalolijua. Nimeandika kwa sababu simu inakatakata, na wewe ukisikia nusu ya neno unajaza nusu nyingine mwenyewe.

Barua yako imefika na yule mama muuza samaki, nikainusa kabla ya kuisoma. Kilwa yetu ya ziwani, yote, ilikuwa mle ndani. Umesema nimlete majina wako, Ngoie mdogo niliyempa jina lako, akae kwako mpaka kikohozi kiishe. Mama, sitamleta. Yaya Mwila, kaka yangu anayekusomea, asiruke hapo. Usinune, sikiliza kwanza.

Kosa lilikuwa langu. Unakumbuka ulivyonifundisha kufagia? Jua halijatoka, umeinama, unanionyesha kuacha mistari ya ufagio iliyonyooka, ili mgeni wa kwanza ajue nyumba hii ina mwanamke. Natamani sana asubuhi zile. Udongo wa kwetu ulikuwa na umande wa ziwa, vumbi halikuinuka.

Nilipoolewa huku nikaendelea vilevile. Lakini hapa kiangazi udongo ni mwepesi kama unga, na makamyo ya migodi yanapita mchana kutwa kwenye barabara isiyo na lami. Sahani ukiiacha mezani, jioni unaweza kuandika jina lako juu yake. Mimi kila asubuhi nilifagia lupango lote, ua mzima, kavukavu, Ngoie mgongoni, na majirani wakinisifu. Nikavimba kichwa.

Mtoto akaanza kukohoa, kisha pumzi ikawa inapiga filimbi. Baba yake akasema, “Umupe maziwa, itasafisha kifua.” Yeye na wenzake hunywa maziwa kila wakitoka kubeba mifuko depo. Nikampa kikombe kizima. Siku ya tatu mbavu zilikuwa zinaingia ndani akivuta hewa, nikamkimbiza kwenye kituo cha afya.

Muuguzi, mama mtu mzima, alimpa dawa ya kuvuta mpaka akatulia. Ndipo akaniuliza, “Mama, wakati ya kufagia, mutoto anakuwaka wapi?”

“Mu mugongo.”

Akatikisa kichwa. “Maziwa inaendaka mu tumbo, haifike mu mapafu. Na mavumbi yenye unaona, mingi inabakia mu pua. Ile ya mafini, yenye hauone, njo inaingia mbali, mpaka mu damu. Batoto na bazee njo banaumia wa kwanza.”

“Hata nikifunga kitambaa?”

“Kitambaa inazuia muchanga tu. Mukubwa atafute cache-nez ya nguvu, yenye kukamata pua na kinywa muzuri. Mutoto, umutoshe inje ya mavumbi.”

Nililia palepale, Mama. Miezi yote ile nilikuwa namlisha vumbi kwa mikono yangu, nikijiona hodari.

Sasa namwaga maji kwanza, nafagia Ngoie akiwa ndani, dirisha la upande wa barabara nimelifunga. Meza naipangusa kwa kitambaa kibichi. Mbabula nayo, lile jiko la makaa, nimeiondoa karibu na mlango, maana moshi wa makala na vumbi ni ndugu. Baba Ngoie anavaa cache-nez kazini. Wenzake wanamcheka, anawaacha.

Basi fikiria njia ya Kilwa: siku mbili, labda tatu, juu ya mizigo, kamyo mbele, kamyo nyuma. Nani atamwagia maji njia yote ile? Ungepokea mtoto asiye na pumzi ya kukusalimia. Mvua zikishika, vumbi likalala, nitamleta mwenyewe. Najua utasema mji umenibadilisha, nakunyima mjukuu. Inaniuma sana, kwa sababu na mimi nataka kuja. Lakini siwezi.

Nisalimie Yaya Mwila na mke wake, na mama mdogo anayekausha samaki kwa moshi. Mwambie asikae upande moshi unakoelekea, na watoto asiwaweke hapo.

Ngoie amekaa miguuni pangu. Ameona naandika, ameuliza, “Mama, Kambo atanikasirikia?” Ndivyo anavyokuita siku hizi. Nimemwambia sijui. Tafadhali, Mama, niandikie upesi, nipate la kumjibu.

Binti yako anayekukumbuka kila siku,
Mama Ngoie