Bahasha ya Mama

Jumatatu, 3 Februari
Siku ya nne Mama hajapata choo. Tumbo gumu, chakula hataki. Nimempelekea sanamaki, majani yaliyosagwa ya kulainisha choo, kutoka duka langu la dawa – bahasha kubwa ya kaki, nisihangaike kurudi. Nikamwambia mdogo wangu anayekaa naye: kijiko kimoja cha chai, maji moto, jioni. Alikuwa anafua, akaitikia “haya kaka” bila kugeuka. Nilikuwa nimechelewa kufungua duka.

Jumanne, 4 Februari
Mama amepata choo! Amenipigia simu kunitangazia kama mtoto aliyefaulu mtihani. Eti mimi ndiye daktari wake. Nimecheka peke yangu pale kaunta, mteja akabaki ananishangaa.

Jumatano, 19 Februari
Mzee mmoja alitaka sanamaki ya mwezi mzima. Nimemkatalia. Nikampa somo: mara moja jioni, isizidi wiki. Ukizidisha utumbo unakuwa mvivu, na chumvi za mwili zinatoka pamoja na maji. Hasa kama unameza vidonge vya presha vile vya kukojoza. Nikaandika yote juu ya bahasha kwa kalamu yangu nyekundu, nikamsomea mara mbili. Akaniambia nina maneno mengi.

Mama kwenye simu: miguu haina nguvu. Nikamwambia ni uzee huo, apumzike.

Alhamisi, 27 Februari
Mama ameanguka bafuni. Amelazwa. Daktari anasema potasiamu, mojawapo ya zile chumvi za mwili, imeshuka vibaya, moyo unaruka mapigo. Akauliza kama kuna dawa ya mitishamba anayotumia. Mdogo wangu akajibu upesi, kwa fahari kabisa: sanamaki, vijiko viwili asubuhi, viwili jioni, hajamkosesha hata siku moja. Alidhani zaidi ni bora zaidi.

Wiki tatu na ushei! Na vidonge vyake vya presha, vilevile vya kukojoza, ni mimi ninayempelekea kila mwezi.

Daktari akauliza, kipimo hakikuandikwa? Nikasema kiliandikwa. Sijui kwa nini. Neno lilitoka tu mdomoni.

Mdogo wangu hakunibishia. Hilo ndilo limenivunja moyo. Alikaa sakafuni palepale akalia: “Basi sikukiona, kaka. Ni mimi niliyemfanyia Mama hivi.” Nami nikamwacha aamini hivyo. Daktari anataka kuiona bahasha kesho.

Ijumaa, 28 Februari
Saa tano asubuhi, jikoni kwa Mama. Nimeikuta kabatini, karibu na kopo la sukari. Nimeigeuza pande zote. Haina hata herufi moja. Watu nisiowajua nawaandikia mpaka saa ya kumeza. Mama yangu nilimpa bahasha tupu, kwa sababu ni Mama. Naona aibu.

Mstari mmoja tu ungetosha. Kijiko kimoja, jioni, siku saba. Nani angejua umeandikwa lini?

Mdogo wangu amepiga simu kutoka wodini. Mama amefumbua macho kidogo. Amemwambia asilie, kaka yako ni mtaalamu, atajua kilichotokea. Halafu mdogo wangu akauliza, polepole: “Umeiona bahasha? Nisomee imeandikwaje. Nataka kujua nilikosea wapi.”

Nimemwambia asubiri. Simu iko mezani, haijakatwa, namsikia anavuta kamasi. Bahasha iko hapa pembeni ya daftari. Na kalamu niliyoshika ndiyo ile nyekundu.