Wanataka Mkosha Maiti Agombee

Mtongwe, Likoni,
Mombasa.
18 Januari 2026

Mpendwa mdogo wangu Barakat,

Assalaamu alaykum. Mgongo wako waonaje? Nasikia bado unabeba mizigo huko Doha na ule mkanda wa daktari umeutupa. Uvae, usinitie presha. Sisi hatujambo. Goti langu moja linalalamika, na shemeji yako Taha ana kikohozi chake kile kile na sigara hataki kuacha, lakini tunakula na tunalala, alhamdulillahi.

Sasa nikueleze, na usicheke. Chama cha Kandili kinataka nigombee kiti cha wadi yetu mwakani. Mimi, Mishi, niliyeishia darasa la saba. Wewe ulikipigia debe chama hicho mpaka ukapotewa na sauti, ndiyo maana nakuuliza wewe: kinaweza kurudi serikalini, au tunajidanganya?

Mzee Chengo, ambaye bado ni mwenyekiti wa tawi, alikuja Jumatatu ya wiki juzi na fomu. Anasema hakuna nyumba ya Kiislamu hapa Mtongwe ambayo sijakosha mama, shangazi au bibi wa watu. Miaka ishirini na sita, na sijaomba hata sabuni. Wengine itabidi wajitambulishe, mimi sina haja. Nilifurahi, sikufichi, kisha nikaona haya kwa kufurahi. Kazi ile naifanya kwa ajili ya Mungu. Nikienda kuomba kura kwa watu niliowakoshea mama yao, si nitakuwa kama ninayedai ujira?

Nikakubali kujaribu siku tatu, nione watu wanasemaje. Wallahi sijapata kuona kioja kama kile. Nabisha hodi, mtu anachungulia dirishani, ananiona mimi, anashika kifua.

"Kafa nani?"

Nyumba ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Mama mmoja alishaanza kulia kabla sijavua viatu. Ilibidi nimhakikishie kwanza kwamba jamaa zake wote ni wazima, ndipo nitoe karatasi ya Kandili. Mwishowe Mzee Chengo akawa anatangulia yeye, kuwaambia watu hakuna msiba. Taha naye anasema chama chenyewe kimejua kinamhitaji nani. Nilimnunia, halafu nikacheka.

Usidhani watu wanakichukia. Wengi wanasema enzi za Kandili zahanati ilikuwa na dawa, karo ilishuka, na vibarua wa bandarini walikuwa na wa kuwasemea. Lakini hao ni watu wa umri wetu. Msichana mmoja, aliyezaliwa katika zahanati ile ile tuliyoijenga sisi, aliniuliza Kandili ni kampuni ya gesi?

Na hao wanaoniahidi kura, wiki iliyopita walipokea fulana za chama cha serikali wakaahidi vile vile. Ndani ya Kandili kwenyewe hatusemezani. Waliohama wamerudi, na waliobaki hawataki kukaa nao benchi moja. Asubuhi naona tumeshinda, ikifika adhuhuri naona hatupati hata kura za majirani. Kichwa kimenivurugika.

Lililonichoma ni la Alhamisi. Alifariki bibi mmoja karibu na kivuko cha zamani, nyumba ya watu wa chama cha serikali. Nikaweka tayari mfuko wangu, kanga na karafuu maiti, nikangoja kuitwa. Hawakuniita. Walimleta mkosha kutoka Timbwani. Nilikaa kitandani nimeukumbatia mfuko, nikalia kama mtoto. Halijapata kunitokea tangu nianze kazi hii.

Jana nikaenda kwa Bi Mwanamisi, yule rafiki wa marehemu mama aliyekuwa akikupa kaimati. Hainuki tena, ila macho bado makali. Yeye hakuuliza kafa nani. Kadi yake ya Kandili ipo chini ya mto mpaka leo, ingawa wanawe wote wawili ni wa chama cha serikali, tena wakali. Nilimweleza yote, na la Alhamisi pia. Akanishika mkono.

"Kura n'takupa, mwanangu," akasema, "na chama kitarudi, nina yakini. Lakini nambia, mimi n'takoshwa na nani?"

Nikikataa, huenda ni mimi ninayekinyima chama nafasi yake. Nikikubali, naogopa nitafungiwa milango pale watu wanaponihitaji zaidi. Mzee Chengo anataka fomu yake kabla ya mfungo. Barua hii anakuletea Noor, anayesafiri Jumatano. Ukishaisoma nipigie, na usiniambie lile unalodhani ninataka kulisikia.

Nisalimie mkeo Raghad na wanao. Taha anakusalimu kwa kukohoa, na mwanetu Samiha anauliza lini utakuja. Mungu akulinde ugenini, akurudishe ukiwa na mgongo wako mzima.

Bi Mwanamisi naye anakusalimu. Nilipoaga, alitoa sanda yake sandukuni akanipa nimwekee, wanawe wasijue. Ipo hapa mezani, juu ya fomu ya Mzee Chengo.

Akupendaye daima,
dadako Mishi