Mgongo wa Mama na Daktari Asiyeuliza

Jumanne, Machi 1992. Mvua tangu alfajiri, na mimi nimeamka na dharau ya kutosha watu kumi.

Yote ni ya yule daktari wa wiki jana, mwenye kalamu tatu mfukoni. Mama alijikwaa kwenye mkeka akavunjika mkono. Mkeka! Bwana mkubwa akamfunga plasta, akautupia jicho mgongo wake uliopinda, akasema, "Iko uzee tu, mama. Enda, pumzika." Hakuugusa. Hakuuliza hata swali moja. Debe tupu haliachi kuvuma.

Mimi ni fundi cherehani wa Kicukiro. Sina diploma, nina futikamba. Gauni nililomshonea Mama kwa ubatizo wa mwanangu lilimfika vifundoni; sasa analikanyaga. Mtu hafupiki bure.

Leo nimempeleka Muhima kwa daktari mwingine, mwanamke wa makamo. Huyu alimsimamisha ukutani akampima urefu. Akauliza hedhi ilikoma lini (Mama akainamia sakafu), na kama bibi yangu aliwahi kuvunjika nyonga. Akamtoa damu ya kupima, asije akachanganya na ugonjwa mwingine. Picha ya mgongo ikaonyesha pingili mbili zimebonyea. Mifupa imepungua uimara, alisema, na mashine ya kuipima vizuri haipo hapa nchini, kwa hiyo lazima aulize sana.

Moyoni nilikuwa natunga matusi ya kumpelekea yule wa kalamu tatu.

Ndipo daktari huyu akauliza Mama anatumia dawa gani.

"Dogiteri, iko hizi dogo nyeupe, za viungo," Mama akajibu. "Iko ananipa binti yangu, kila asubuhi. Miaka nne sasa. Hajasahau hata siku moja."

Alisema kwa majivuno. Ni prednisoloni. Nanunua dukani bila cheti, kwa kuwa jirani alizisifu, na kweli maumivu yalipungua, mashavu yakajaa. Mama alipokwenda kuvaa, daktari akaniambia kwamba dawa hizo zikitumiwa muda mrefu hula mifupa.

Nyani haoni kundule. Nimemdharau mtu kwa kutouliza, na mimi miaka minne sikumuuliza yeyote.

Najichukia leo, niseme wazi.

Bado sijamwambia Mama. Na daktari amekataza kuziacha ghafla, zitapunguzwa polepole. Kwa hiyo kesho asubuhi nitampa tena kidonge, naye atanishukuru.