Watoto Wawili kwenye Fomu

Tarehe 3 Februari

Binti yangu mpendwa,

Hujambo mwanangu? Huku hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, nalo halijambo likitaka.

Barua yako yenye fomu ilifika Jumanne. Vizuri umeandika, maana kwenye simu sote wawili hujibu "salama" hata kama nyumba inaungua. Zile viza tatu nimezipima kama nilivyokuwa nikipima mawe ya mizani. Ya matembezi ni miezi mitatu, na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sitaki kuja kwako kuhesabu siku. Ya wastaafu inataka pensheni ya mkurugenzi, na mimi nilikuwa fundi mizani. Imebaki ya mzazi anayekwenda kukaa na mwanawe, miaka mitano, kisha inaongezwa. Hiyo ndiyo nimejaza.

Kusema kweli nilisita. Katika nyumba hii nimekaa miaka thelathini na sita. Lakini mwaka jana uliandika kwamba siku zako za mapumziko unashinda kutwa bila kutamka neno, na Jumatatu ukifika kazini sauti inatoka kwa shida. Maneno hayo yamenikaa moyoni. Siwezi kuwa hai nikakuacha uishi hivyo.

Mdogo wako Kijiti hajambo, na mkewe pia. Bado mwembamba, bado anatengeneza majokofu ya watu huku letu likivuja. Fomu aliipeleka ubalozini mwenyewe, akapanga foleni tangu alfajiri.

Kula vizuri.

Baba yako

*

Tarehe 19 Aprili

Shikamoo Baba,

Goti linaendeleaje? Mimi mzima wa mwili.

Baba, wamekataa. Nimesoma barua yao mara tatu, nimeketi juu ya marobota ya mashuka kwenye chumba cha kufulia kazini, mpaka msimamizi akaniuliza kama nimefiwa. Wanasema viza hii ni ya mzazi asiye na mtoto mwingine wa kumtunza huko aliko. Na wewe kwenye swali la watoto umeandika wawili. Umemwandika Kijiti! Wale watu hawajui habari za kulea, Baba. Kwao mtoto ni uliyemzaa, au uliyemchukua kwa karatasi ya mahakama, na karatasi hiyo sisi hatukuwahi kuitafuta. Nani angeitafuta? Shangazi alipofariki Kijiti alikuwa na miaka miwili, ukambeba ukaja naye nyumbani, basi.

Tunaweza kuomba tena. Nenda kwa wakili uape kwamba una mtoto mmoja tu, na kwamba yule ni mpwa wako, si mwanao, wala hana wajibu wa kukutunza. Yeye naye atie sahihi. Mwambie ni mambo ya ofisi tu. Ila barua hii asiione, nakuomba. Mweleze wewe kwa maneno yako, taratibu.

Najua ninachokuomba. Nimeshapanga nyumba yenye chumba chako, kina dirisha kubwa. Kila nikitoka kazini nafungua mlango wake, natazama ndani, naufunga. Miaka tisa, Baba. Nimechoka kuwa peke yangu.

Binti yako

*

Tarehe 11 Mei

Binti yangu,

Salamu. Sote wazima.

Jana nilikwenda kwa wakili pamoja na mpwa wangu. Ofisi iko ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Wakili alisoma kwa sauti, akauliza kama nimeelewa, nikasema nimeelewa. Nikatia sahihi, naye akatia. Mhuri uligongwa mara mbili kwa sababu wa kwanza haukukolea. Karatasi zimeshapelekwa.

Sina la zaidi.

Baba yako

*

Tarehe 2 Agosti

Shikamoo Baba, shikamoo tena!

Imetoka! Nilipiga kelele, wenzangu wakadhani nimeungua na pasi. Sharti ni uingie kabla ya tarehe thelathini Oktoba, la sivyo viza inakufa, na kuomba upya ni baada ya miaka mitatu. Tiketi nimekukatia ya tarehe kumi na mbili Oktoba.

Nimetafuta godoro gumu kama unavyopenda. Kuna mwanamke wa ghorofa ya chini ambaye miaka yote hii tumekuwa tukiinamishiana vichwa tu kwenye ngazi. Juzi nilimsimamisha nikamwambia baba yangu anakuja kuishi nami. Akasema, "Vizuri." Nadhani hayo ndiyo mazungumzo yangu marefu kuliko yote mwezi ule, ukitoa ya kazini.

Na mwandiko wako, Baba! Zamani ungedhani kuku kapita kwenye wino. Siku hizi umenyooka. Kustaafu kumekufaa. Lakini barua ya mwisho ilikuwa fupi mno, hata Kijiti hukumtaja kwa jina. Yuko salama? Niandikie.

Mwanao

*

Tarehe 27 Agosti

Binti yangu,

Nakuombea afya. Usishangae kuona barua imepigwa chapa. Nimemwomba mama mmoja mpiga chapa, jirani na posta. Mimi nasema, yeye anagonga.

Mwandiko uliousifu si wangu. Macho yangu yana ukungu, huu mwaka wa pili. Nilikuficha, nikihofia utahangaika bure. Barua zako zote hunisomea Kijiti, na zangu zote huandika yeye. Basi umeelewa.

Ile ya Aprili aliifungua mezani, tunakunywa chai. Akaanza kusoma. Alipofika pale ulipoandika si mwanangu, nikamwambia, inatosha. Hakuacha. Alisoma neno kwa neno, mpaka pale ulipoandika asiione. Akaikunja, akasema, "Nitaomba ruhusa kazini, twende kwa wakili." Nami nikaenda. Hilo ndilo nisilojisamehe, kwamba nilikwenda.

Tangu tulipotia sahihi ananiita Mjomba. Hana ubaya wowote. Chai analeta, maji ya kuoga anapasha, kwenye ngazi ananishika mkono. "Polepole, Mjomba." Miaka thelathini na miwili ameniita Baba. Kila akitamka hilo jina jipya nageuka, nikidhani kaingia mgeni na ndiye anayesemeshwa.

Wanasema kuzaa si kazi, kazi kulea. Mimi kazi hiyo niliifanya, kisha nikaikana mbele ya mhuri. Siji, mwanangu. Siwezi kumwacha mtu niliyemfanyia hivi. Najua nakuacha wewe, na chumba chako, na hizo siku zako za kimya, na inaniuma kuliko ninavyoweza kumtajia mgeni aandike. Nisamehe.

Mashine imenyamaza. Nadhani huyu mama anajifuta macho, ila mimi sioni vizuri.

Baba yako

*

Tarehe 1 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Ni mimi Kijiti, mwandiko unaujua.

Hujaandika tangu Baba alipokwenda kwa mpiga chapa. Sijui kama umekasirika au umeona haya. Vyovyote iwavyo, nenda uwanja wa ndege tarehe kumi na mbili, maana anakuja. Nilimwambia kuna fundi mwenzangu anataka kupanga chumba anacholala Baba, na kwamba nimeshamkubalia. Hakuna fundi yeyote. Akasema, "Basi nitafutie sanduku."

Haya uyajue. Jicho la kulia linaona kivuli tu. La kushoto linamwona mtu aliye karibu, kwa hiyo simama upande huo. Atashika gazeti ajifanye anasoma. Mwache kidogo, kisha muulize kuna habari gani, atacheka na kukupa. Kikombe usikijaze, anajiunguza. Ngazi anazihesabu kimoyomoyo, usimsemeshe mpaka afike juu. Ukiwa ndani fanya kelele yoyote, kohoa, imba, ajue upo. Kimya kinamtisha, ingawa hatakuambia. Daktari anasema macho yanaweza kufanyiwa upasuaji yakapona, nawe mpeleke mapema.

Barua ya Aprili iliniuma, sitakudanganya. Siku mbili nilikaa karakana bila kusema na mtu. Lakini nilisoma yote, dada, na ile sehemu ya kuchoka kuwa peke yako pia. Mimi nina mke, nina wateja wanaonitukana kutwa. Kelele ninazo.

Baba anadhani namwita Mjomba kwa hasira. Wiki nzima nilijizoeza karakana, nikiyasemesha majokofu, ulimi usije ukateleza mbele yake. Unamjua. Ningeendelea kumwita Baba asingeondoka hapa. Mtu hamwachi mwanawe, mpwa anaachika.

Usimwambie. Akiniulizia, sema Kijiti hajambo.

Mdogo wako